Dada Akirudi, Inazima

Jumapili ile Dada, msichana wa kazi aliyekuwa anarudi kutoka kwao, alizisikia sauti za televisheni kabla hajafika mlangoni. Spika zote tano zilikuwa zinaongea, sabufa inanguruma kwenye kona kama mtu mzima anayeafiki jambo, na watu wa nyumba ile wanacheka kwa pamoja. Akasimama nje kidogo, mfuko wake begani. Moyoni akasema, afadhali, leo imepona. Akazunguka uani, akavianua vitambaa vya Bibi kwenye kamba, akavikunja, akaingia navyo.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Shikamoo Bibi."

"Marahaba," walijibu, macho yao kwenye picha. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa mwalimu wa udereva, aligeuka akamtazama, kisha akaitazama saa yake ya mkononi. Dada aliliona hilo. Mambo mengi aliyaona. Alikuwa ameishia darasa la saba na hakuwa mtu wa maneno, lakini macho yake hayakuwahi kwenda likizo.

Akaanza kuvirudisha vitambaa mahali pake. Bibi, mama yake Mwalimu, alikuwa amevifuma vyote kwa mkono wake: vya migongo ya makochi, cha meza, kile chembamba kinachoning'inia juu ya televisheni, na kile kikubwa kuliko vyote, cha sufu nzito yenye rangi ya samli, chenye matamvua marefu pande zote nne. Hicho kilikuwa cha deki. Deki yenyewe ndiyo iliyobeba mambo yote, picha na sauti, na ilikaa ndani ya kabati la vioo chini ya televisheni, juu ya kitandiko cha sufu ili isikwaruze mbao. Dada aliivisha, akayanyoosha matamvua yakaning'inia sawasawa, akafunga mlango wa kioo asije akaacha vumbi liingie. Kisha akaenda jikoni.

Alikuwa anasuuza sufuria ya mwisho aliposikia sauti inakwaruza kama mtu aliyekabwa na mate. Akachungulia. Picha ilikuwa imekatikakatika vipande vya mraba, uso wa mtu umekuwa kama sakafu ya vigae. Kwenye kioo kidogo cha deki liliwaka neno la kigeni, herufi saba nyekundu, likamezwa na giza. Kimya.

"Mnaona?" Mwalimu akasema taratibu. Hakuwa mtu wa kufoka. "Jumapili ya tatu hii. Jana inaimba, leo mchana inaimba. Dada akirudi, inazima."

"Dada akirudi, inazima," akarudia binti yao wa miaka saba, ambaye kwa tabia hiyo hiyo walimwita Kasuku.

"Wewe nawe!" mama yake akamkemea. Mama yake alikuwa muuguzi, ndiyo kwanza ametoka zamu, soksi bado ziko miguuni. "Mashine haimjui mtu."

"Gari likizima kila anapoingia mtu yule yule," Mwalimu akajibu, "kosa si la gari."

Dada alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono inachuruzika maji. Hata yeye alikuwa amehesabu. Jumapili tatu. Ilikuwa kweli.

*

Jumanne yake ikaja diski ya harusi.

Kitinda mimba wa Bibi alikuwa ameolewa nchi ya mbali, na Bibi hakwenda, kwa sababu magoti yake hayakuiweza safari na karatasi za safari nazo hazikuyangoja magoti. Watu waliokwenda walirudi na sifa. Walisema bibi harusi alisimama mbele ya ukumbi mzima, akaongea na mama yake kana kwamba mama yake yuko pale, watu wakatoa leso. Alisema nini? "Aa, Mama, utasikia mwenyewe," wakamwambia. Bibi akangoja miezi miwili, mpaka diski ilipofika mkononi mwa msafiri, imefungwa kwenye fulana isije ikavunjika.

Waliitia diski jioni hiyo hiyo. Wakaona magari, wakaona maua, wakaona bwana harusi anafuta jasho. Karibu dakika ya arobaini ukafika wakati wa maneno. Mtoto wa Bibi akasimama, akaishika shela yake kwa mkono mmoja, akafungua mdomo.

Picha ikawa vigae. Herufi saba. Giza.

Wakaiacha ipumzike, wakaiwasha tena. Mara hii ilikwenda dakika chache tu ikafa kwenye maua. Mwalimu akasema wairuke sehemu ya mwanzo, waende moja kwa moja kwenye maneno.

"Thubutu," Bibi akasema. "Harusi hairukwi kama dimbwi. Nimengoja miezi miwili, nianzie katikati kama mwizi?"

"Basi tukutafutie kwenye simu, Mama."

"Kwenye simu nawaona kama sisimizi waliovaa suti. Mwanangu, mimi nataka nimwone mtoto wangu, na nimsikie kama walivyomsikia wenzangu. Kama haiwezekani semeni."

Hapo Mwalimu aliingiwa na uchungu, kwa sababu deki ile aliinunua kwa ajili ya siku hii, na Jumapili saa kumi alikuwa amewaalika wakwe, wazazi wa bwana harusi na ndugu zao, waje waione harusi kwenye kioo kikubwa chenye sauti ya ukumbini. Alikuwa amejigamba. Wakwe nao walikuwa wamekubali kwa maneno matamu, yale ya watu wanaokuja kuangalia una nini.

Jumatano wakajaribu tena. "Shangazi kila siku anasimama, haongei," Kasuku akasema, na hakuna aliyecheka.

"Dada!" Mwalimu akaita. "Hebu njoo hapa. Iwasheni."

Dada akaja, anajipangusa mikono kwa kanga.

"Simama hapo mlangoni. Vizuri. Sasa ingia, pole pole. Pita mbele ya kabati. Simama." Aliongea kama alivyozoea kuongea na wanafunzi wake, sauti ya chini, kidole hewani. "Rudi nyuma. Rudi, rudi. Hapo. Weka mkono juu ya kabati. Toa."

Dada alikwenda mbele na nyuma katika sebule ile kama gari la mafunzo. Kasuku akacheka, halafu akaona uso wa Dada, akaacha. Bibi alikuwa anafuma, hakuinua kichwa. Picha haikutikisika hata kidogo.

"Mwachie mtoto wa watu akapike," Muuguzi akasema.

Dada akarudi jikoni. Akatia maji, akachochea moto, akakata kitunguu. Kitunguu hakijaiva, sebuleni pakawa kimya.

Mwalimu alikuja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni. "Mimi sisemi unafanya kusudi," akasema. "Sisemi una ubaya. Kuna watu wana mkono mzito tu kwa vyombo, wamezaliwa hivyo. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi ukiondoka, ondoka na vitu vyako vyote. Mwezi wako nitakulipa mzima."

"Sawa, Baba."

Kilichomuuma hakikuwa mwezi wala mshahara. Kazi ile alitafutiwa na shangazi yake, aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya tatu kutoka pale, na mtaani kwao jina la msichana wa kazi humtangulia kama kivuli cha asubuhi. Mvivu angepata pengine pa kufanya kazi. Hata mdokozi angepata. Lakini nani atamfungulia mlango msichana ambaye vitu vinakufa akiingia?

*

Alhamisi asubuhi aliletwa fundi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mtaa mzima ulimwita Miwani. Kabla hajaingia sebuleni, Bibi aliinuka kwa shida, akaivua deki kitambaa chake, akakitoa na kile kitandiko cha chini, akaviweka mapajani.

"Fundi ni kama daktari," akamwambia Dada. "Humpelekei mgonjwa amevaa koti."

Miwani akachungulia waya, akazichomoa, akazichomeka, akabadilisha ya picha, akaipuliza deki mgongoni. Mwishowe akaibeba kwenda nayo kibandani kwake. Saa kumi na moja akairudisha.

"Hii mashine ni nzima," akasema. "Imeimba tangu saa tatu asubuhi mpaka nimechoka mimi. Mgonjwa wenu akifika hospitali anapona."

Mwalimu na Muuguzi wakatazamana. Kisha, bila kupenda, wote wawili wakautazama mlango wa jikoni.

Dada alimsindikiza fundi mpaka getini, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kazi ya kufunga. Pale getini akatoa karatasi ya sabuni aliyokuwa ameikunja mara nne.

"Fundi, samahani. Ikikaribia kuzima inaandika hivi. Nimenakili herufi moja moja, maana linakaa kidogo tu. Ni nini?"

Miwani akaisogeza karatasi puani. "Umeandika wewe? Mbona hakuna aliyeniambia! Hapa mashine inasema inajilinda."

"Na nani?"

Fundi akacheka. "Na nani tena! Inajilinda na waya zilizogusana, na umeme uliozidi, au na joto. Waya nimezipitia zote. Umeme wenu umetulia kama maji ya mtungi."

"Na joto?"

"Joto litoke wapi? Pale kabatini nimepaona, pana nafasi, mgongo wake wazi, pumzi inatoka vizuri." Akairudisha karatasi. "Usisumbuke, mdogo wangu. Vitu vingine vinakuwa na majini yao."

Jioni ile Mwalimu aliiweka deki mwenyewe. Bibi akaivisha mwenyewe. Kisha Mwalimu akafunga mlango wa kioo kwa ufunguo na kuutia mfukoni. "Leo hakuna mkono wa mtu," akasema, akawasha.

Haikufika dakika arobaini. Haikufika hata ishirini. Bwana harusi hajafuta jasho, wakaona vigae.

"Na leo ni Dada?" Muuguzi akauliza. "Kabati limefungwa, ufunguo unao wewe."

"Alishaigusa asubuhi, akipangusa vumbi."

"Asubuhi ilikuwa kwa fundi."

Mwalimu akauzungusha ufunguo mfukoni. Alikuwa mtu aliyekwisha kata kona, na wanafunzi wake walijua kwamba katikati ya kona hashauriwi.

*

Ijumaa nyumba ilibaki na watu wawili, Dada na Bibi. Bibi alikuwa kwenye kochi lake na sindano yake ya kufumia. Dada alikuwa chini, anapiga pasi sare za Muuguzi, na huku anajiuliza swali moja kama mtu anayetafuta kiroboto: mimi nikiondoka Jumamosi, naondoka na nini?

Naondoka na mfuko wangu. Naondoka na ndala zangu. Kabla sijaondoka nadeki sakafu, nafua, naanika. Na Jumapili nikirudi, naingia na nini?

Akaisimamisha pasi.

Alikumbuka wiki iliyopita, Kasuku alipopata homa. Bibi alimvalisha mtoto sweta, juu yake shali, juu yake blanketi. Muuguzi alirudi kutoka kazini, akatupa mkoba, akavivua vyote kimoja kimoja huku akisema, "Mtoto mwenye joto hafunikwi! Mnataka azime?" Azime. Ndivyo alivyosema, na Bibi alinuna siku mbili.

Dada akaitazama deki nyuma ya kioo. Matamvua yalikuwa yameufunika mgongo wote, yamefunika na vile vitundu vya ubavuni, yakalala mpaka kwenye kitandiko. Fundi hakuwahi kuiona hivyo. Hakuna fundi aliyewahi kuiona hivyo.

Sasa ilikuwa kazi ya kusema. Kumwambia Mwalimu kwamba mkono mzito ni wa mama yake? Mtoto wa kazi hamsemi mama wa mtu ndani ya nyumba ya mtoto wake, hilo hata asiyekwenda shule analijua. Na kumwambia Bibi mwenyewe? Kile kitambaa alikifuma miezi mitatu. Alikianza siku deki ilipotajwa tu, kabla haijanunuliwa, akawa anapima ukubwa kwa kukisia.

"Bibi," akasema mwishowe, "naomba mkono wako."

"Wa nini?"

"Niwashe, halafu uguse kioo."

Bibi akamwangalia juu ya miwani. Lakini alikuwa mtu wa kuchoka na ukimya wa mchana, akakubali. Dada akaiwasha kwa rimoti, wakatia idhaa iliyokuwa inaongelea kilimo. Baada ya dakika kumi Bibi akainama, akaweka kiganja kwenye mlango wa kabati, akakitoa upesi.

"Huu si uvuguvugu. Huu ni moto."

"Ndiyo, Bibi."

Bwana wa kilimo akaendelea kueleza habari za mbolea.

"Sema unachotaka kusema," Bibi akasema.

"Sisemi, Bibi. Ila Jumamosi nikiondoka, vitambaa vinakuwa kwenye kamba. Sufu ile haikauki siku moja. Jumapili nikirudi, navirudisha."

Bibi alikaa kitambo na kiganja chake kimefunguka mapajani, akikitazama kama mtu anayesoma barua. Kisha akafungua mkoba wake wa kufumia, akapekua chini ya mabonge ya uzi, akatoa ufunguo mdogo. "Kabati hili lilitoka kwangu," akasema. "Mwanangu anadhani ana ufunguo peke yake."

Akafungua. Akaivua deki kwa mkono wake, akakitoa kitandiko. Wakauacha mlango wazi, wakakaa. Saa ikapita. Kilimo kikaisha, zikaja habari, zikaja nyimbo. Saa ya pili ikapita. Dada alimaliza nguo zote za pasi, akawa anazikunja upya zilizokwisha kunjwa. Picha haikukwaruza hata mara moja.

"Tutie harusi, Bibi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Harusi haiangaliwi na watu wawili."

Bibi akazima. Akakitwaa kitambaa chake, akakikung'uta. Akakirudisha juu ya deki, akayanyoosha matamvua moja baada ya jingine, akafunga kabati, akautia ufunguo mkobani.

"Nenda kaendelee na kazi," akasema, bila kumtazama.

Dada akaenda. Jikoni alikaa kwenye kigoda chake muda mrefu, sufuria tupu mikononi. Hakumlaumu. Aliwaza kwamba mtu akipewa achague kati ya kazi ya mikono yake na mmoja wa wasichana wa kazi, ambao hujaa mjini kama vifungo dukani, atachagua nini? Jioni Mwalimu alijaribu tena, ikazima tena, na Bibi hakusema neno. Alikwenda kulala mapema, akasema magoti yanamsumbua.

*

Jumamosi Dada aliamka akafunga vitu vyake. Havikuwa vingi, mfuko mmoja na rambo moja la plastiki. Halafu, kwa sababu kazi ni kazi mpaka dakika ya mwisho, akaenda sebuleni kuvichukua vitambaa akavifue.

Bibi alikuwa pale tayari, amevaa, amekaa wima. Kitambaa kikubwa kilikuwa mapajani pake.

"Hivyo vingine kafue," akasema. "Hiki acha. Na ukimaliza njoo."

Dada alifua, akaanika, akarudi. Watu wote walikuwa mezani wanakunywa chai. Karibu na kikombe cha Mwalimu palikuwa na bahasha, na kila mtu alijua ni ya nani, kwa hiyo hakuna aliyeitazama. Bibi akachukua mkasi, akatafuta pembe, akakata fundo. Akavuta uzi. Safu nzima ya matamvua ikafumuka.

"Mama!" Mwalimu akasimama. "Unafanya nini? Kazi ya miezi miwili!"

"Mitatu. Kaa chini, chai yako inapoa." Aliendelea kuvuta. Uzi ulikuwa unatoka umejikunjakunja, unalundikana miguuni pake. "Wewe ulikuwa unamtafuta mwenye mkono mzito. Ndiyo huu hapa." Akauinua mkono wake wa kulia, na uzi ukainuka nao. "Mashine ilikuwa inakosa pumzi. Nimeivika sufu juu, nimeitandikia sufu chini, nawe ukaja ukaifungia kwa ufunguo. Fundi akija naivua, akiondoka naivisha. Huyu binti akiondoka kitambaa kiko kwenye kamba, akirudi kiko mgongoni mwa mashine. Jana tumeiwasha kwa saa mbili bila nguo. Imeimba kama ndege."

Muuguzi akaweka kikombe. Akafumba macho kidogo, akaanza kutikisa kichwa. "Homa ya mtoto," akasema. "Mimi mwenyewe nilisema! Na siku zote nakaa mbele ya lile kabati."

"Kama mlijua tangu jana," Mwalimu akasema, "mbona jioni..."

"Mbona nilinyamaza? Uliza usiogope." Bibi alisimamisha mkono. "Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa radhi mtoto wa watu aondoke na jina baya, ili uzi wangu ubaki. Nimelala na jambo hilo, likaninyima usingizi. Kwa umri huu, mwanangu, nimejiona nilivyo."

Kasuku alifungua mdomo kurudia, na mama yake akamziba kwa kipande cha mkate.

Mwalimu aliitazama bahasha. Akaichukua, akaitia mfukoni. Kisha akaenda mlangoni, ulipokuwa mfuko wa Dada na rambo lake, akaviinua vyote viwili. "Hivi vitu vimewekwa njiani," akasema, akisafisha koo, "watu watajikwaa." Akavibeba mwenyewe mpaka chumba cha Dada, na wakamsikia anaviweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeegesha gari la mwenzake.

"Tusamehe, Dada," Muuguzi akasema.

"Imekwisha, Mama."

"Haijaisha," Bibi akasema. "Njoo hapa, kaa. Si chini! Hapa kwenye kochi. Nyoosha mikono."

Dada akakaa. Katika mwaka mmoja na nusu hakuwahi kulikalia kochi lile, na alishangaa jinsi lilivyokuwa linazama. Akanyoosha mikono miwili, na Bibi akaanza kumzungushia uzi, mzunguko baada ya mzunguko, rangi ya samli, bado una harufu ya sabuni yake mwenyewe.

*

Jumapili saa kumi wakwe walifika, wananukia, wamekuja sita. Mama mkwe aliitembeza macho sebule nzima, yakafika kabatini, yakasimama.

"Mbona hii mmeiacha uchi?" akauliza kwa upole wa watu wa namna yake.

"Joto," Bibi akamjibu. "Siku hizi hata mashine hazitaki sweta. Kaa, mkwe wangu."

Dada alitaka kurudi jikoni baada ya kugawa chai, lakini Bibi alikuwa amekwisha kupiga kiganja kwenye nafasi iliyo kando yake, na lundo la uzi likiwa bado halijaisha. Akakaa, akanyoosha mikono.

Wakaona magari. Wakaona maua. Mwalimu hakuwa anaangalia harusi, alikuwa anaangalia saa yake. Dakika ya ishirini ikapita. Bwana harusi akafuta jasho, mama mkwe akasema, "Huyo ni baba yake mtupu," watu wakacheka. Dakika ya thelathini. Ya thelathini na tano. Mtoto wa Bibi akasimama, akaishika shela yake kwa mkono mmoja, akafungua mdomo. Uzi mikononi mwa Dada ukatulia, maana Bibi alikuwa ameacha kuuzungusha.

"Mama," ikasema sauti, na ikatoka kwenye spika zote tano, mbele na nyuma, kama yumo chumbani. "Najua leo hupo hapa, lakini najua siku moja utakaa mbele ya televisheni unisikie. Basi nisikie. Watu wanasema nimekuacha. Sijakuacha. Nimekuja na mikono yako. Shuka nililolalia usiku wa kwanza ugenini, pindo lake ulilifuma wewe. Nikikosa wa kuongea naye, nalishika."

Bibi alikuwa ameuma kanga yake kwenye meno. Muuguzi analia waziwazi. Hata mama mkwe alikuwa anatafuta leso kwenye mkoba aliokuwa ameuleta uonekane.

"Na kile kitambaa kikubwa cha sufu ulichonifungia kwenye sanduku," bibi harusi akaendelea, sasa akicheka ndani ya machozi, "usiwe na wasiwasi, Mama. Nimekitafutia mahali pa heshima. Nimeifunika deki yetu mpya, mpaka chini, na matamvua yake yote. Mume wangu anasema haijawahi kuonekana deki iliyopendeza hivyo."

Kasuku ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Muuguzi, kisha Mwalimu, aliyeinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na mwisho Dada, ambaye hakuweza kujiziba mdomo kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa uzi. Wakwe wakawa wanauliza, "Nini? Kuna nini?" na hakuna aliyeweza kuwajibu.

"Mpigieni simu!" Bibi akasema, machozi yanamtiririka, haijulikani yapi ya kilio na yapi ya kicheko. "Mpigieni sasa hivi kabla hawajaita fundi!"

Mwalimu akatoa simu, akapiga. Ilipoanza kuita, akamnyooshea mama yake. Bibi akaisukuma kando.

"Si mimi. Mpe Dada."

Mwalimu akasita. Kisha akaizunguka meza, akapita mbele ya wakwe wote sita, akaiinamisha simu mpaka kwenye sikio la Dada, akaishikilia pale, kwa kuwa Dada hakuwa na mkono wa kuishika.

"Haloo?" ikasema sauti ile ile ya kwenye spika.

"Haloo, shikamoo Shangazi. Ni mimi Dada, wa huku nyumbani." Watu wote walikuwa wakimsikiliza. "Tuko wazima wote. Kabla hujatusalimia, naomba nenda kwenye deki yako, uweke mkono juu yake, halafu uniambie unasikia nini."